Inchi Moja ya Kiuno cha Dada

Muuguzi hakuwa na kosa lolote. Alikuwa msichana mwenye adabu zake, ameketi nyuma ya meza yenye rundo la fomu, na alipoinua macho akawaona wanawake wawili wamesimama mlangoni, alifanya kile ambacho mtu yeyote aliyelelewa vizuri angefanya. Alimwamkia mkubwa kwanza.

"Shikamoo mama," alimwambia Fundi. Kisha akamgeukia yule mwingine kwa tabasamu. "Karibu dada. Umemleta mama kupima?"

Loo! Maana Fundi ndiye mdogo. Hamsini na sita kwa hamsini na nane, vyeti vipo. Mama yao alimzaa mmoja, akapumzika miaka miwili, akamzaa mwingine, na huyo mwingine ndiye aliyekuwa akiamkiwa sasa kama bibi wa kuletwa hospitali kwa kushikwa mkono.

Dada yake aliangua kicheko. "Huyu ni mdogo wangu, mwanangu! Mkongwe hapa ni mimi." Muuguzi akaziba mdomo kwa kiganja, akaomba radhi mara tatu. Fundi naye akacheka, ha ha ha, kicheko cha meno tu, huku moyoni anasema: cheka dada, cheka sana, leo damu itakuumbua.

Ndicho alichokifuata pale, na mtu asije akadanganyika kwamba Fundi alipanda ngazi za hospitali kwa kuipenda sayansi. Mteja mmoja aliyekuja kupunguziwa sketi ndiye aliyemletea habari. Hospitali ilikuwa inatafuta ndugu wa baba mmoja mama mmoja, waliopita miaka hamsini, wenye "maumbo tofauti". Tangazo lilisema hivyo kwa heshima, ila kila mtu alielewa: mmoja kibonge, mmoja mwembamba. Watatolewa damu, zitapimwa protini zilizomo, na ijulikane mwili wa nani umezeeka zaidi kwa ndani na mishipa ya nani imekauka. Fundi aliposikia "kwa ndani" sindano ilimchoma kidole. Miaka yote watu walikuwa wakitazama nje. Kama kuna mashine inayoona ndani, basi ndiyo aliyokuwa akiisubiri. Alitaka jambo moja tu duniani: karatasi yenye muhuri inayosema kwamba dada yake ni mzee kuliko yeye.

Niwaeleze vizuri watu hawa. Mtaa mzima ulimwita Fundi, mkubwa kwa mdogo, kwa sababu ya cherehani yake iliyokaa chumba cha mbele cha nyumba yake kwa miaka thelathini. Gauni alilokushonea lilikukaa kama umezaliwa nalo. Dada yake walimwita Binti. Mwanamke ana miaka hamsini na nane, karani wa masijala aliyestaafu, ana wajukuu watatu, anaitwa Binti! Na anaitika!

Mama yao ndiye aliyeanza. Marehemu alikuwa na mdomo usio na breki. Siku moja mbele ya wageni aliwaonyesha mabinti zake kwa kidole: "Huyu kapewa umbo, huyu kapewa mikono." Alidhani anagawa sawasawa, maskini. Fundi alikuwa na miaka tisa. Aliitazama mikono yake juu na chini, halafu akamtazama dada yake, na roho ikamuuma. Haijaacha kumuuma tangu siku hiyo.

Hata hivyo alijikaza. Alijikaza mpaka akaolewa, akazaa, akafungua duka. Kilichovunja subira yake kilikuja miaka ishirini na miwili iliyopita, siku ya mahafali ya mtoto wa dada yake. Fundi alikuwa amemshonea dada gauni la zambarau lenye mikunjo midogo kifuani, kazi ya siku sita. Dada alipotokea, mume wa Fundi, dereva wa lori, mtu ambaye katika miaka kumi ya ndoa hakuwahi kutia neno juu ya nguo yoyote, hata suruali yake mwenyewe, alitingisha kichwa akasema: "Aa, hili gauni limempata mwenyewe."

Basi. Hakuongeza neno. Akaenda zake kutafuta kiti.

Wiki iliyofuata dada alikuja na kitambaa kingine. Sasa hapa sharti nieleze kazi ya ufundi, maana ndipo penye mambo. Mwili una namba yake na kitambaa kina namba yake. Fundi anakupima kwa futi, ule utepe wake wa shingoni, anaandika P, yaani pima. Kisha anaongeza nafasi kidogo, maana mtu si sanamu, anapumua, anakula, anaketi. Hiyo anaiandika K, yaani kata. Kiuno cha inchi thelathini hukatiwa thelathini na moja na nusu, au thelathini na mbili kamili kama mtu anapenda raha. Kila daftari la Fundi lilikuwa hivyo, mteja kwa mteja: P, halafu K, na K ni kubwa.

Siku ile alimpima dada kiuno. Ishirini na nane. Akaandika P 28. Kisha kalamu ikaandika K 27 na nusu. Kalamu yenyewe ndiyo iliyoandika. Angalau hivyo ndivyo alivyojiambia.

Dada alipokuja kujaribu, zipu ilikwama. Akavuta pumzi ndani, akasimama kwa ncha za vidole, zipu ikapanda kwa tabu.

"Umeongezeka kidogo, dada," Fundi alisema, pini mdomoni.

"Mimi?"

"Kidogo tu. Umri nao."

Dada akajigeuza mbele ya kioo, akajishika ubavuni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yao Fundi akamwona anajitazama kwa mashaka. Utamu wake, jamani, hausemeki! Jioni hiyo alipika huku akiimba.

Ikawa mazoea. Nusu inchi ikawa inchi nzima. Kila gauni, kila sketi, kila sare ya harusi, P ya dada ilikuwa kubwa na K yake ndogo, na kila mara maneno yale yale: umeongezeka kidogo, dada. Dada naye hakulala. Aliacha sukari kwenye chai. Akaanza kwenda kazini kwa miguu, akapanda ghorofa nne za masijala kwa ngazi wakati lifti ipo na inafanya kazi. Kwenye sherehe alijipakulia mara moja, akainuka mezani kabla ya wenzake. Akirudi kujaribu nguo mpya, loo, bado inabana. Wakati mmoja alinunua gauni la dukani likamwingia bila shida, akaja mbio kumwonyesha mdogo wake.

"Nguo za dukani zina unafiki," Fundi alimjibu bila kupepesa. "Wanaandika namba ndogo kwenye nguo kubwa ili mteja afurahi. Mimi siwezi kukudanganya."

Dada alimwamini. Miaka ishirini na miwili alimwamini.

Na Fundi mwenyewe je? Alivaa nini? Alivaa lastiki. Sketi zake zote, suruali zake zote za nyumbani, hata gauni la kutokea, kiunoni zilikuwa na lastiki pana. Lastiki haina neno na mtu. Ukiongezeka inaongezeka, haikuulizi umekula nini wala umetembea wapi. Katika madaftari yote yale hapakuwa na ukurasa wake. Alijikatia kwa macho. Alipoingiwa na raha ya kununua mota ya kuendesha cherehani, hata ule mguu uliokuwa ukikanyaga pedali kutwa nzima ukapumzika. Siku hizi akipanda ngazi tatu anasimama kama mtu aliyekumbuka jambo, kumbe anatafuta pumzi.

Turudi hospitali. Muuguzi, baada ya aibu yake, alianza maswali ya fomu. Unavuta sigara? Hapana. Unalala saa ngapi? Zinatosha. Kisha, kalamu mkononi, bila ubaya wowote:

"Mama, wewe umekula chumvi nyingi?"

Fundi alisimama. "Chumvi nyingi mimi? Mwanangu, mbona unanitafuta? Mwulize huyu, huyu ndiye amenizidi miaka miwili!"

"Chumvi ya chakula, mama," muuguzi alisema, machozi yakimlenga. "Kwenye chakula."

Dada alicheka mpaka akashika ukuta. Walipofika kwenye kupima viuno, Fundi alitazama dari. "Andika," alimwambia muuguzi, "lakini usinitajie." Fundi wa nguo, mwanamke aliyewapima watu maelfu, hakutaka kusikia inchi zake mwenyewe! Wakatolewa damu, mirija mitatu kila mmoja. Wakawalaza, wakawapaka kitu cha baridi shingoni, wakapitisha kifaa kama kichwa cha pasi ndogo, na mishipa ikaonekana kwenye kioo cha mashine ikipigapiga.

Daktari wa utafiti alikuja mwishoni, mwanamke mfupi mwenye miwani inayoning'inia kwa uzi. Aliwaeleza kwa lugha ya kueleweka, sifa zake apewe.

"Kwenye damu kuna protini maelfu kwa maelfu," alisema. "Ini linatuma zake, misuli inatuma zake. Mafuta ya tumboni nayo yanatuma. Watu wanadhani mafuta yamekaa tu pale kama mzigo stoo. Hayakukaa. Yanamwaga protini zinazowasha mishipa kwa ndani. Mshipa ukiwashwa miaka mingi unajenga ukoko, unakuwa mgumu, njia inabana. Sasa sisi tunazisoma hizo protini kama mtu anayesikiliza wambea wa mtaa. Kwa maneno yao tunakisia nyumba gani kuna ugomvi, na nyumba gani imechakaa kuliko miaka yake."

Wambea! Fundi aliipenda sayansi papo hapo. Wambea wanaozunguka ndani ya dada yake na kutoa siri, nani asiyewataka?

"Shida yetu ni moja," daktari aliendelea. "Tunajua viuno vyenu vya leo. Hatujui vya miaka kumi, ishirini iliyopita, na hakuna mtu anayekumbuka."

"Mimi ninavyo vya dada," Fundi alisema. "Ninavyo vya mtaa mzima. Miaka thelathini."

Miwani ilipanda puani. "Umeviandika?"

"Kwenye madaftari."

"Mama! Hiyo ni hazina!"

Asubuhi nzima daktari, muuguzi, hata mfagiaji walikuwa wakimtazama dada. Sasa ghafla wanamtazama yeye. Kichwa kilimvimba. Aliikumbuka ile K, si kwamba hakuikumbuka. Lakini alijiambia: ni nani asiyejua cherehani atakayeelewa P ni nini na K ni nini? Kesho yake alipeleka daftari moja nene, la wateja wake wa miaka yote, limefungwa kwa utepe kama zawadi. Kijicho na sifa vikikutana kwenye kichwa kimoja, hapo akili imeshatoka nje.

Miezi mitatu ikapita. Wakaitwa. Dada alivaa gauni la kijani, la mwisho kushonwa na Fundi, P 29, K 28. Aliketi wima kabisa, maana lilikuwa halimruhusu kuketi vinginevyo.

Daktari aliweka karatasi mbili mezani. Kila moja ilikuwa na namba mbili kwa juu. "Ya kwanza ni umri wa cheti," alisema. "Ya pili ni umri ambao damu inakisia. Ni makadirio, si hukumu ya mahakama. Msitoke hapa mkaandika wosia."

Ya dada ilikuwa 58, halafu 51.

Ya Fundi ilikuwa 56, halafu 67.

Daktari aliendelea kusema. Alisema picha ya shingo inakubaliana na damu, kwamba mshipa wa kushoto wa Fundi umeanza kubana, kwamba kuna dawa, kuna kutembea, kuna kupunguza kiuno, na kwamba muda upo bado ila si wa kuchezea. Fundi alisikia kama mtu anayesikia redio ya jirani. Alikuwa anapiga hesabu. Sitini na saba toa hamsini na moja. Kumi na sita! Miaka kumi na sita kati yao, na yeye ndiye mbele. Kumbe yule muuguzi alimwamkia sawasawa.

Hofu ilikuwepo, nisiseme uongo. Lakini juu ya hofu palikuwa na wivu, na wivu ndio uliokuwa na sauti. Hata damu! Hata damu nayo imeenda upande wa dada!

"Mama, wewe siri yako nini?" daktari alimwuliza dada.

"Siri yangu ndiyo huyu hapa," dada alisema, akaweka mkono juu ya goti la Fundi. "Watu wote wananisifia, daktari. Binti, Binti, hujabadilika. Ningewasikiliza hao ningekuwa pipa. Mdogo wangu peke yake ndiye huniambia ukweli. Kila gauni ananiambia, dada umeongezeka. Narudi nyumbani najirekebisha. Bila yeye mishipa yangu ingekuwa mawe saa hizi."

Fundi alilitazama lile goti.

"Ndiyo maana nilitaka kuwauliza jambo," daktari alisema, akavuta daftari kutoka mtoto wa meza. "Kazi yangu ni kuangalia namba ya pili inapoachana na ya kwanza, basi jicho limezoea. Mama, humu kila mtu ana namba mbili, P na K. Sikusoma watu wengine, nilipitisha macho tu. Kila mtu, ya pili ni kubwa. Kila ukurasa. Ila kwa dada yako peke yake, ya pili ni ndogo. Miaka yote. Sasa niambie, kiuno chake halisi ni kipi? Nisije nikaingiza namba ya uongo kwenye utafiti."

Fundi aliinua macho. Feni ya dari ilizunguka.

"Ya kwanza," Fundi alisema. "P."

"Na K?"

Dada ndiye aliyenyoosha mkono. Alilichukua daftari, akalamba kidole, akafungua ukurasa mmoja baada ya mwingine kama alivyofungua mafaili ya watu kwa miaka thelathini na tatu, bila haraka, akisoma tarehe. Gauni la zambarau, P 28, K 29 na nusu. Hilo lilikuwa la mwisho la haki. Linalofuata, P 28, K 27 na nusu. Akaendelea mpaka la kijani alilovaa. Akashika zipu yake ubavuni, akaishusha inchi mbili, akavuta pumzi ndefu, ndefu sana, wote mle ndani wakaisikia.

"K ni kata," alisema taratibu. "Siyo?"

"Dada..."

"Nakwenda nalo hili." Akalitia daftari mkobani, akamuaga daktari kwa adabu, akatoka. Alishuka ngazi mbio kama msichana, na Fundi aliyejaribu kumfuata aliishia ngazi ya tano, ameshika chuma, anahema.

Nyumbani mumewe alikuwa mlangoni na gazeti. Fundi alimsimulia yote, la damu na la daftari, maana hakuwa na mtu mwingine. Alipofika kwenye gauni la zambarau mume alikunja gazeti.

"Gauni gani?"

"La mahafali! Ulisema limempata mwenyewe!"

"Mimi?" Alifikiri kwa muda mrefu, maskini, alitafuta kila kona ya kichwa chake. "Sikumbuki, mke wangu. Lakini kama nilisema, basi nilisifia mshono. Mimi watu siwezi kuwasifia, unanijua."

Fundi alikaa kwenye kiti cha cherehani hajui acheke au amtupie mkasi. Miaka ishirini na miwili kwa sentensi ambayo mwenyewe haikumbuki!

Siku tisa dada hakutokea, wala simu hakupokea. Fundi alimeza dawa zake, alitembea mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, na njia nzima aliwaza. Mnadhani alijuta tu? Alijuta, ndiyo, alilia mpaka akalowesha kitambaa cha mteja. Lakini kijicho si kitu cha kufua kikatoka. Alimwonea dada wivu hata kwa hili, kwamba sasa yeye ndiye aliyekosewa, yeye ndiye mwenye haki ya kununa, na akiamua kusamehe, atakuwa mzuri zaidi tena.

Asubuhi ya siku ya kumi, Jumamosi, dada aliingia chumba cha cherehani. Alivaa gauni la dukani, lile la zamani, lililolegea. Hakusalimu. Alitoa daftari mkobani, akaliweka mezani, akamvua Fundi futi shingoni.

"Simama."

"Dada, nisikilize kwanza..."

"Nimekusikiliza miaka ishirini na miwili. Simama."

Fundi alisimama. Dada alizungusha futi kwenye kiuno cha mdogo wake, juu ya lastiki, halafu akabadili nia, akaisukuma lastiki chini, akazungusha tena kwenye mwili wenyewe.

"Kwenye harusi ya mwanangu sikula," alisema, akiwa ameinama. "Mwanangu wa kwanza. Nilikaa mbele na njaa yangu nikiona aibu ya tumbo nisilokuwa nalo. Nilikuwa naona haya kuvua nguo mbele ya mume wangu. Unajua hilo? Kisha daktari ananipongeza! Sijui nikupige vibao au nikushukuru, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Arobaini na tatu."

"Nini?"

"Inchi arobaini na tatu. Hakuna mtu aliyewahi kukutajia, nakutajia mimi."

Fundi alitaka kusema futi imeshikwa vibaya. Alitazama chini. Ilikuwa imeshikwa vizuri kabisa, kidole ndani yake, kama yeye mwenyewe alivyomfundisha dada walipokuwa wasichana. Machozi yakamtoka.

"Nilikuwa nakuonea wivu, dada. Nakuonea hadi leo. Hapa hapa ulivyosimama nakuonea."

"Najua. Nilidhani utaacha tukizeeka." Dada alivuta kiti, akafungua ukurasa mpya, akaandika kwa mwandiko wake wa masijala ulionyooka: Mdogo wangu. P 43. Kisha akakaa na kalamu, akafikiri, akaandika K 42.

"Dada, gauni la hivyo halitaniingia."

"Hilo najua. Lishone hivyo hivyo, na Jumamosi ijayo nitakuja kukujaribisha. Likikubana nitakuambia umeongezeka kidogo, na nitakuambia kwa sauti ile ile tamu. Likikuingia, tunakata la arobaini na moja." Akafunga kalamu. "Sitaki kusikia habari ya sitini na saba. Mkubwa hapa ni mimi. Hata kufa naanza mimi. Usinirukie foleni."

Alinyanyuka, akajinyoosha kwenye lile gauni lake pana.

"Na wewe?" Fundi aliuliza, akijifuta pua kwa kiganja. "Wewe nikukatie ngapi sasa?"

"Mwili ishirini na tisa. Nikatie thelathini na mbili. Nataka nikae nile."

Akatoka. Fundi alimfuata kwa macho mpaka kwenye kona, akamwona jirani mmoja akimpungia mkono na kumwita Binti, akamwona anavyoitika. Roho ikamuuma pale pale pa siku zote. Akarudi mezani, akatandaza kitambaa, akachukua chaki.

Mkono ukachora arobaini na nne. Akaifuta kwa kiganja, akachora arobaini na mbili, akakata kabla hajajionea huruma.